Dada Panzi na Wachimba Mchanga

Jina la Dada Panzi alipewa na watoto wa jirani akiwa bado mdogo, kwa sababu ya miguu. Ilikuwa mirefu kupita kiasi, na akiambiwa akimbie, hakimbii, anaruka. Kama mtu angemwambia wakati ule kwamba atakuja kuajiriwa kuwaangalia panzi wenyewe, angecheka mpaka akae chini.

Nyumbani kwao hakukuwa na cha kuchekesha. Baba yao alikuwa fundi wa magari, hodari kazini na balaa nyumbani. Nyuma ya mlango wa jikoni alitundika mkanda wa feni wa lori, mpira mweusi mnene, na alipokuwa na neno la kusema, mkanda ndio uliosema. Chai ikipoa, mkanda. Mlango ukigongwa kwa nguvu, mkanda. Mama akijitia kati, naye alipata fungu lake. Dada Panzi aliposikia tu pikipiki ya baba inazimwa nje, alikuwa ameshapita dirisha la nyuma na kujilaza kwenye nyasi ndefu zilizokuwa kati ya nyumba yao na reli. Huko alijifunza kutulia kama jiwe. Baba angepita akiita, viatu vyake karibu kabisa na kichwa cha mtoto, asimwone. Yeye macho yake yalikuwa kwa panzi aliyekuwa mbele ya pua yake, akitazama jinsi taya zinavyokata jani kutoka pembeni kwenda chini, kisha zinarudi juu na kuanza upya.

Mdogo wake wa kiume hakuwa na pa kujificha. Alikuwa mzito, mwenye mabega mapana, ndiyo maana watu wakamwita Kifaru. Siku moja baba alimwahi Dada Panzi kabla hajalifikia dirisha. Kifaru, hata ndevu hajaanza kuota, akasimama katikati yao akasema, "Nipige mimi." Baba hakuombwa mara ya pili. Alimpiga mpaka meno mawili ya mbele yakabaki sakafuni, na asubuhi Mama aliyafagia pamoja na takataka nyingine.

Mzee huyo alikufa chini ya gari. Jeki iliteleza, lori likamkalia kifuani, na mafundi wenzake wakaja kupiga mayowe getini. Ndani ya nyumba hakuna aliyelia mpaka wageni walipoanza kuingia.

Miaka ikapita. Dada Panzi alifua nguo za watu, akauza mkaa, akaolewa, akaachika, akarudi kwa Mama. Ndipo kituo cha utafiti wa wadudu kilichokuwa ng'ambo ya mto kikatangaza kazi ya kuzunguka bondeni kuangalia panzi na vipepeo. Kituo kilitaka kujua mapema panzi wanapoanza kukusanyika, na ni viwavi gani watakaovamia mashamba vipepeo wakishataga. Wengi waliijaribu kazi ile wakaikimbia. Jua lilikuwa kali, nyasi zilikata miguu, na kusimama mahali pamoja kumtazama mdudu mpaka amalize shughuli zake ni jambo linalowatia watu wengine wazimu. Dada Panzi hakuona shida. Alikuwa akilipwa kwa kitu alichokifanya utotoni kwa kuogopa kufa.

Kila asubuhi aliufuata mstari wa vigingi vilivyopakwa chokaa, kutoka ukingo wa mto hadi kwenye miti ya miiba, mkononi ana wavu wa kitambaa cheupe ulioshonwa kwenye duara la chuma mwishoni mwa mti mrefu. Mdudu asiyemjua alimkamata, akamtazama, akaandika, halafu akamwachia. Aliwajua wale wa kijani wenye kichwa kilichochongoka, ambao wakisikia hatua huzunguka upande wa pili wa bua la nyasi kama mtu anayemkwepa mdai mlangoni. Aliwajua wa rangi ya udongo, ambao huwaoni mpaka waruke, na wakiruka hufunua mabawa mekundu kama moto, wakitua wanazimika. Walikuwapo pia wenye mistari ya njano na myeusi, wazembe wasioruka, wanaotoa povu lenye harufu ya kuoza ukiwashika. Upande wa vipepeo, aliowapenda zaidi ni wale weupe wenye ncha za rangi ya machungwa, ambao jua likichomoza hukaa juu ya nyasi wakiwa wamefungua mabawa nusu, wakiota joto.

Lakini watu waliodhani kazi yake ni ya mapambo hawakujua kinachoendelea bondeni. Pale palikuwa machinjioni. Aliona nyigu mweusi akimrukia panzi mkubwa kuliko yeye, akamchoma shingoni, kisha akamkokota kwa kuvuta vipapasio vya kichwani mwake kama mtu anayevuta ng'ombe kwa pembe, mpaka shimoni. Panzi alikuwa hai; miguu yake ilikuwa ikitetemeka. Nyigu alitaga yai juu yake akafukia mlango, ili mtoto wake akizaliwa akute nyama mbichi. Aliona panzi mchanga akijivua ngozi, mwili wake bado mlaini kama unga uliokandwa, na ndugu zake waliotoka kwenye mayai yaleyale wakamkaribia na kuanza kumla kutoka mguuni. Mtaalamu wa kituo alipomsikia akieleza hayo alimuuliza kama hapati jinamizi.

"Wadudu hawagombani, Bwana Mtaalamu," alijibu. "Wana njaa tu."

Bonde lile lilikuwa na mlinzi, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Afande. Aliwekwa na baraza la mji baada ya wachimba mchanga kuula ukingo wa upande wa pili mpaka nyumba zikaporomokea mtoni na watu wake ndani. Alikuwa na filimbi, rungu na kiti cha plastiki kilichovunjika mgongo. Dada Panzi akipita, walitaniana.

"Leo wanajeshi wako wako wangapi?"

"Wameongezeka, Afande."

"Na vyeo?"

"Wote makoplo. Hakuna anayetaka kuamrishwa."

Afande alicheka mpaka kiti kikalia.

Kifaru naye alikuwa mtu mzima, na ngumi za baba zilikuwa zimemwingia mikononi. Alikuwa mlinda mlango wa baa akafukuzwa kwa kumvunja mteja taya. Alikuwa mpakuzi wa mizigo akafukuzwa kwa kumtupa msimamizi kwenye lundo la magunia. Mwisho akapata lori na kundi la vijana wa makoleo, akawa mkubwa wa wachimba mchanga. Mama alimpenda kupita kiasi, na Dada Panzi pia alimpenda, kwa namna ya mtu anayekaa mbali kidogo na moto. Kila alipocheka lile pengo la meno lilionekana, na dada yake aliinamisha macho.

Asubuhi moja Kifaru alikuja nyumbani, akaketi sebuleni na viatu vyake vyenye matope, akasema, "Dada, yule mzee wenu wa filimbi huenda kula saa ngapi?"

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi naangalia panzi, siangalii wazee."

Kifaru alicheka, kisha akaacha ghafla. "Zile nyasi zina nini hasa? Chini yake kuna mchanga safi kabisa, wa kujengea. Vijana wangu wanalala njaa, wewe unawabembeleza vipepeo."

"Ukingo ukichimbwa maji yataingia majumbani, mdogo wangu. Uliona yaliyotokea ng'ambo."

"Niliona. Koleo la kwanza lilikuwa langu."

"Basi kama uliona na bado unataka, sina la kukwambia."

Kifaru alisimama, akauchukua wavu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akauvunja gotini kama kuni. Kisha akamshika dada yake kifundo cha mkono, akakibana mpaka vidole vikafa ganzi. "Angekuwa mtu mwingine," alisema, uso wake karibu sana, "ningekuwa nimevunja kitu kingine."

Kutoka jikoni Mama aliita kwa sauti tamu, kama mtu asiyesikia kitu, "Wanangu, chai inapoa."

Kituo kilimpa Dada Panzi wavu mpya. Mti wake ulikuwa mnene zaidi, na mwisho wake ulikuwa na ncha ya chuma ya kuuchomeka ardhini ili mikono ipate kuandika. Alimwonya Afande, na Afande akapeleka habari barazani. Walimwambia askari watatumwa wakipatikana.

Hawakupatikana. Siku lori lilipokuja, jua lilikuwa limeshapanda na umande umekauka. Dada Panzi alikuwa amechuchumaa karibu na miti ya miiba akimtazama vunjajungu aliyemnasa kipepeo wa njano. Alikuwa ameanza na kichwa. Aliguguna taratibu, mikono yake yenye meno ikiwa imemkumbatia kipepeo kifuani, na mabawa yalikuwa yakidondoka moja moja kwenye nyasi, bado mazima, bado yana unga wake. Hapo ndipo aliposikia injini, kisha filimbi, ndefu, halafu filimbi ikakatika.

Aliinua kichwa akaona lori limepita juu ya vigingi. Vijana walikuwa wakiruka kutoka nyuma, makoleo mabegani. Afande alisimama mbele yao na rungu lake.

"Rudisheni gari!" alipaza sauti. "Hapa hapachimbwi!"

Dada Panzi alijilaza. Hakuamua kulala, mwili ulijilaza wenyewe, tumbo chini, kidevu udongoni, kama zamani. Kutoka pale aliona viatu tu na ncha za makoleo. Aliona Afande akimpiga mmoja wao goti, kijana akaanguka akitukana. Mwingine akamzunguka mzee kwa nyuma akampiga teke kwenye maungio ya miguu, naye akapiga magoti. Rungu likamtoka. Baada ya hapo halikuwa pigano tena. Walimpiga kwa mateke na kwa mipini, na mapigo yalisikika kama gunia linalokung'utwa. Mara ya kwanza Afande alitukana. Mara ya pili aliita jina la mkewe. Kifaru aliwasukuma wenzake kando, akalishika koleo kwa mikono miwili, akamwingizia mzee ubavuni kwa upande wa bapa kwa nguvu zake zote. Afande akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, akakunjika.

"Nilikwambia nini?" Kifaru alikuwa akipiga kelele. "Nilikwambia nini, mzee?" Na akaliinua koleo tena, safari hii kwa makali, juu ya kichwa cha mtu asiyeweza tena kuinua mkono.

Dada Panzi hakumbuki jinsi alivyosimama. Anakumbuka miguu yake ikimrusha, na mti wa wavu ukiwa mbele yake kama mkuki. Alilenga mkono. Kifaru aligeuka kwa sababu alisikia nyasi zikivunjika, na ile ncha ya chuma ikamwingia jichoni.

Mlio alioutoa haukuwa wa mtu. Koleo lilimtoka mikononi, akalikamata tena, akaanza kulizungusha huku na huku bila kuona, damu ikimfunika uso, akampiga dereva wake mwenyewe gotini mpaka mfupa ukaonekana. Mmoja wa vijana, mwenye kofia nyekundu, alimrukia Dada Panzi kwa nyuma akamshushia mpini begani. Alisikia kitu kikipasuka ndani yake kama kuni kavu. Alianguka. Akapigwa la pili mgongoni, na la tatu, mpaka mtu akapiga ukelele, "Mzee amekufa! Tumeua! Tumeua!" Kufumba na kufumbua wote walikuwa mguu niponye, wakimburuta dereva, wakapanda lori, wakaondoka. Mkubwa wao walimwacha pale mchangani.

Kimya kikarudi, na baada ya kimya panzi wakaanza kulia tena.

Walilala pale watatu, karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Afande hakuwa amekufa. Alikuwa akipumua kwa kukoroma, povu lekundu mdomoni. Kifaru alikuwa amelala chali, viganja vimefunika uso. Dada Panzi alijaribu kutambaa, bega likamkatalia, akatulia na shavu lake juu ya mchanga.

Vipepeo walikuja. Kwanza mmoja mweupe, kisha wengine, kisha wa buluu wadogo wale wanaopenda matope. Siku zote alikuwa amewaona wakitua kwenye mchanga uliolowa, kwenye mkojo wa ng'ombe, kwenye mizoga, kufyonza chumvi. Walitua kwenye mikono ya mdogo wake, pale damu ilipokuwa imechuruzika kati ya vidole, wakafungua mirija yao.

"Dada," Kifaru alisema. "Nini hiki kinanitekenya?"

"Vipepeo."

"Wanafanya nini?"

"Wanakunywa."

"Wanakunywa nini?"

"Wewe."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na dada yake hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio. "Wafukuze," alisema. "Dada, tafadhali, wafukuze."

Hakuweza kuinua mkono. Alipuliza. Pumzi yake haikufika mbali. Vipepeo walifunga mabawa, wakayafungua, wakaendelea.

Wanawake waliokuja kufua mtoni ndio waliopiga yowe la kuita watu. Hospitalini waliwapeleka watatu kwa gari moja, na Afande hakuiona jioni ya siku iliyofuata. Bandama lilikuwa limepasuka. Kifaru alitolewa jicho. Dada Panzi alifungwa plasta kutoka shingoni hadi kiunoni, na alikuwa bado hajazoea kulala chali Mama alipoingia wodini. Alisimama kando ya kitanda, mwanamke mfupi aliyekuwa hajawahi kumgusa mtoto wake kwa ubaya, akampiga kofi ambalo wagonjwa wa mwisho wa wodi walilisikia.

"Umemtoa mwanangu jicho."

"Alikuwa anaua mtu, Mama."

"Alipoteza meno kwa ajili yako!"

"Najua."

"Polisi wakija, utasema hukuona. Ulikuwa nyasini. Nani anaona kitu akiwa nyasini?"

"Mimi naona," alisema Dada Panzi. "Ndiyo kazi yangu."

Mama aliondoka bila kuaga, na akahamia kwa mke wa Kifaru. Mahakamani alikaa upande wa pili, mgongo wake kwa binti yake. Dada Panzi alieleza yote kwa mpangilio, kama alivyozoea kueleza mambo ya bondeni: nani alisimama wapi, nani alipiga kwanza, koleo liliingia kwa upande gani. Alipoulizwa aliyepiga ubavuni ni nani, alimnyooshea mkono mdogo wake. Mjane wa Afande alikuwa amekaa mbele kabisa na hakumtazama hata mara moja, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba shahidi alilala nyasini kitambo kabla ya kuinuka. Kifaru alihukumiwa miaka mingi, na mwenye kofia nyekundu pia, ingawa si mingi kama yake.

Waliobaki walilipiza. Siku ya hukumu, mchana kweupe, walilitia bonde moto kutoka pembe zote. Dada Panzi alifika moto ukiwa katikati. Panzi walikuwa wakiruka mbele ya ndimi za moto kwa maelfu, wakipasuka hewani kama bisi, na waliovuka walipokelewa na ndege waliojipanga upande wa pili wakishiba bila jasho. Vipepeo walipaa na moshi, juu, juu zaidi, halafu wakaanguka. Alisimama mpaka nyayo zikaungua.

Alirudi siku zilizofuata kwa sababu alikuwa bado ameajiriwa. Mkono wake wa kulia haukupanda tena kupita bega, akajifunza kuushika wavu kwa kushoto, na wengi walimponyoka. Juu ya majivu aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona: panzi wachanga wa rangi ya udongo, kila walipojivua ngozi, walitoka weusi zaidi, mpaka wakawa weusi tititi kama ardhi waliyokaa. Ndege waliwapita bila kuwaona. Alimweleza mtaalamu, na mtaalamu akaja mwenyewe akalala kifudifudi kwenye majivu na suruali yake ya kazi, wakatazama pamoja mpaka jua likawachoma shingo. Mto haukuchimbwa tena; baraza liliweka askari, sasa walipatikana.

Gerezani alikwenda mara kadhaa akaambiwa mfungwa hataki wageni. Akaendelea kwenda. Siku alipoitwa ndani, alimkuta Kifaru nyuma ya wavu wa chuma, amekonda, ngozi imejikunja pale jicho lilipokuwa.

Askari alisimama kando yao, akakohoa.

"Mama anakula?" Kifaru aliuliza.

"Anakula. Haniongeleshi, lakini mkeo ananiambia anakula."

"Atakuongelesha."

"Labda."

"Yule mzee," alisema, akainama. "Humu kuna mtu anakoroma kama alivyokuwa anakoroma. Kila akikoroma naamka. Nimeshampiga mara mbili, wakanifungia peke yangu."

Dada Panzi alimtazama usoni bila kuinamisha macho, jicho lililobaki na pengo la lililoondoka.

"Saa imekwisha," askari alisema.

Kifaru aliinuka, akageuka kwenda, kisha akarudi hatua moja. "Dada. Ukija tena niletee miwani myeusi. Hawa washenzi wananiita Chongo."

"Mikubwa au midogo?"

"Mikubwa."

Dada Panzi alitoka nje kwenye jua. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha muuza miwani, mingine imetundikwa kwenye kamba, mingine imepangwa juu ya gazeti, na akaanza kuijaribu mmoja baada ya mwingine usoni pake mwenyewe, kwa kuwa yeye na mdogo wake walikuwa na kichwa cha ukubwa mmoja.